Ulimi Mzito wa Musa

Kila mwaka mpya wa masomo tunaambiwa tutafute sauti zetu. Hatuambiwi tuzitafute wapi. Mimi nasema tuanze na Musa, kwa sababu yumo katika Biblia na yumo katika Kurani, na kwa sababu maisha yake yanafanana na ya wengi wetu humu chamani.

Alizaliwa Mwebrania, akalelewa katika nyumba ya Farao. Alipoitwa kwenye kichaka kilichowaka moto, alijitetea. Katika Kutoka 4 anasema kwamba ulimi wake ni mzito. Katika sura ya Taha anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na wenzetu Waislamu wengi husoma dua hiyo kabla ya mtihani. Wafasiri wengi husema alikuwa na kigugumizi. Mimi niliyekulia Marekani, jikoni Kiswahili cha Bukavu na darasani Kiswahili sanifu, ninamwona pale mtu anayeogopa kuchekwa na ndugu zake. Labda ni macho yangu tu. Lakini ukitafakari maandiko bila kuleta swali lako mwenyewe, unakariri.

Wanachama wenzangu wana maoni mawili. Wengine husema: nyamaza mpaka ngeli zikae sawa. Wengine husema sauti yako halisi ni lolote linalokutoka kwanza. Siyakubali yote mawili. Neno lililomtoka Musa lilikuwa udhuru. Hata baada ya kuona fimbo imegeuka nyoka, aliomba atumwe mtu mwingine. Woga ule ulikuwa wake kweli, ila haukuwa Musa mzima.

Kurani inasema ombi lake lilikubaliwa. Biblia haisemi popote kwamba ulimi wake uliponywa. Alipewa Haruni, kaka yake, awe msemaji wake, akaenda na ulimi uleule. Kisha fungua Kumbukumbu la Torati: sehemu kubwa ya kitabu ni hotuba za Musa mwenyewe, mzee wa miaka 120. Katikati kuna miaka 40 jangwani, ya kugombana na watu, kuwaombea, na kukaa peke yake mlimani. Nadhani sauti yake ilipatikana huko.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wetu. Tunaposoma maandiko, tupewe dakika 10 za kimya, kisha kila mtu aandike alichokiona, kwa Kiswahili cha kwao. Kalamu nyekundu isubiri wiki moja. Najua mtasema makosa yatazoeleka. Hebu tazameni nani huzungumza mikutanoni: ni walewale watatu. Wengine huomba nyumbani kwa Kiswahili, wakija hapa hutoa maoni kwa Kiingereza. Mungu wanamweleza yote kwa lugha hii, sisi hawatuelezi kitu.

Asiye na dini alete shairi, au barua ya bibi yake. Sina ugomvi naye.