Kahawa Mbivu na Kahawa Mbichi

Mji mdogo wa Othaya, katika Nyeri, umo kati ya vilima, na katika miteremko yake wakulima wamepanda mibuni. Maduka ya mji huitazama kahawa. Ikilipwa vizuri, fundi cherehani hupata kazi na karo ya watoto hutolewa. Ikilipwa vibaya, daftari la madeni la mwenye duka hujaa.

Zamani Waafrika wa sehemu hizi walizuiwa kupanda kahawa, ikawa zao la mashamba ya Wazungu. Mlango ulifunguliwa hasa kwa mpango wa kilimo wa mwaka 1954, ulioitwa kwa jina la Bwana Swynnerton. Kwa kuwa mwenye mibuni michache hawezi kujinunulia mashine, wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika, wakawa na viwanda vya pamoja.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Matunda huchumwa kwa mkono, na yafaayo ni yale mekundu tu. Siku ile ile hupelekwa kiwandani, yakamenywa, yakaachwa yachachuke, yakaoshwa. Kisha buni huanikwa juu ya meza. Kilo 6 au 7 za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Lakini matunda ya majirani wote huchanganywa pamoja. Basi achumaye mabichi ili kikapu kijae upesi humpunguzia bei jirani aliyerudi shambani mara tatu akingoja yaive. Mizani hujua uzito. Haijui uvumilivu wa mtu.

Kwa sababu hiyo kazi ya kuchambua matunda kabla ya kupimwa si kazi ndogo. Karani akimwonea haya jamaa yake na kuyapokea mabichi, huwa amewatoza wanachama wote kimyakimya.

Mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka duniani kote. Katika nchi ya Nyeri wengi waliiacha mibuni magugu yakaisonga, wakategemea zaidi ng'ombe wa maziwa. Hakuna mkulima wa Othaya awezaye kuiamuru bei ya dunia. Lakini kilichomo kikapuni mwake hukiamua mwenyewe, na jirani yake hula kwa uamuzi huo.