Mwalimu Aliyepiga Magoti



Juma lililopita mzee mmoja Kalasinga, akielekea Ngorongoro, alisimamisha gari lake hapa Karatu kuomba maji ya rejeta. Watoto wakamzunguka wakicheka. Mmoja akathubutu kuuliza, "Shikamoo babu. Umeficha nini kilembani?"

Mzee akajibu kwa upole, "Marahaba, mjukuu wangu. Ni nywele zangu tu. Niliahidi kutozikata."

Nikaona haya, maana watoto wale ni wetu, nasi hatukuwafundisha.

Ahadi hiyo yatoka wapi? Mwaka 1699, huko Anandpur katika nchi ya Punjab, Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi wa Masingasinga, alisimama mbele ya mkutano mkubwa na upanga mkononi. Akauliza ni nani atakayetoa kichwa chake. Watu kimya. Kisha Daya Ram wa Lahore akajitokeza, na baada yake wengine wanne. Yasimuliwa kwamba mmoja alikuwa mkulima, mwingine mchota maji, mwingine kinyozi. Watu wa matabaka ambayo kwa desturi ya nchi ile hayakula pamoja. Wakaitwa Wapendwa Watano.

Guru akachukua maji yenye sukari katika bakuli la chuma, akayakoroga kwa upanga huku sala zikisomwa. Wote watano wakanywa katika bakuli moja. Halafu Guru mwenyewe akapiga magoti mbele yao, akaomba wamwingize na yeye.

Hata leo kazi hiyo hufanywa na watu watano waliokwisha kuingizwa, waume kwa wake. Anayeingia lazima awe na umri wa kuelewa. Hunywa maji yale, hunyunyiziwa machoni na nyweleni, kisha huonywa: asikate nywele, asivute tumbaku, asizini. Huvaa bangili ya chuma, na huwa na kitana, kisu na kaptura ya ndani. Mwanamume huitwa Singh, yaani simba; mwanamke huitwa Kaur.

Kwa majirani zetu Wamasai, rika la wakubwa huongoza rika la wadogo, na ndivyo tulivyozoea sote. Lakini hapa mwalimu aliwaomba wanafunzi wake.

Wengi wa watu hawa walifika kwetu wakati wa kujenga reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza mwaka 1896. Huko Makindu, Kenya, nyumba yao ya sala iliyojengwa mwaka 1926 huwapa wasafiri chakula bure, bila kuuliza dini wala kabila.

Basi, wazazi, mtoto akimcheka mgeni, kumkaripia hakutoshi. Tumweleze. Na tukikosa sisi, tusione aibu kuomba radhi mbele ya wadogo. Mimi nilimwomba mzee yule radhi, watoto wakisikia. Aliyeuliza habari za kilemba ndiye aliyekimbia kuleta ndoo ya maji.