Kiungulia na dawa za huzuni: usimfiche mwuza dawa

Wapenzi wasomaji, Jumapili hii nawageukia hasa nyinyi mlio Garissa na kaunti jirani, tuzungumze jambo ambalo wengi hulionea aibu.

Tuseme mama mmoja anameza vidonge vya ugonjwa wa huzuni nzito alivyoandikiwa na daktari. Nyumbani hakuna ajuaye. Siku moja kiungulia kinamshika, anaingia duka la dawa kununua omeprazoli. Anaulizwa, "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?" Anajibu, "Hakuna." Dukani kumejaa majirani, atasemaje?

Hapo ndipo penye hatari. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini kabla ya kutoka mwilini. Omeprazoli hulizuia ini kuvunja vyema dawa mbili za huzuni, sitalopramu na esitalopramu. Kidonge ni kile kile kimoja, lakini dawa hurundikana katika damu kana kwamba umemeza zaidi. Sitalopramu ikizidi yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ndiyo maana mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri kwamba anayetumia simetidini, au dawa nyingine inayolizuia ini kwa njia hiyo, asizidishe miligramu 20 za sitalopramu kwa siku. Simetidini, dawa ya zamani ya vidonda vya tumbo, huizidisha pia amitriptilini: kinywa hukauka, usingizi hulemea, macho huona ukungu.

Je, uache dawa ya huzuni? La hasha! Kuiacha ghafla huleta kizunguzungu na kukosa usingizi, na ugonjwa waweza kurudi. Daktari anaweza kupunguza kipimo, au kukuchagulia dawa ya tumbo isiyogombana nayo sana, kama pantoprazoli.

Garissa haihitaji kufunzwa kwamba moyo nao huumia. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Basi kwa nini aliyeumia moyo aonewe haya?

Ukiona vigumu kusema mbele ya watu, andika majina ya dawa zako kwenye karatasi umpe mwuza dawa, au omba mzungumze kando. Moyo ukienda mbio au ukizirai, kimbilia hospitali na pakiti zako zote.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.