JINA LA JIMBO SI MPAKA WAKE



Wako watu, na baadhi yao ni wasomi, wasemao kwamba mipaka ya majimbo ya uchaguzi ni kazi ya wapima ardhi tu, wala haina siasa ndani yake. Hutuambia: ukitaka kujua zamani Scotland iliwakilishwaje Bungeni, soma orodha ya kaunti na wajumbe wake, basi. Hasha! Asomaye jina asitazame mpaka ni mfano wa mnunuzi anunuaye gunia asilifungue.

Natuanze na Bute, kaunti ya visiwa vitupu. Scotland ilipounganishwa na Uingereza mwaka 1707, ilipewa wajumbe 45: 30 wa kaunti na 15 wa miji. Lakini kaunti zilikuwa 33. Ikafanywa hila gani? Kaunti sita ndogo zilifungwa mbili mbili, zipokezane zamu. Bute ikafungwa pamoja na Caithness, iliyoko mbali katika ncha ya kaskazini ya bara. Bunge hili Bute ina mjumbe. Bunge lifuatalo haina. Hivyo ndivyo watu wa visiwa walivyokaa kimya, Bunge moja baada ya jingine, mpaka mwaka 1832.

Na zamu yao ilipofika, nani aliyepiga kura? Katika mjadala wa mwaka 1831 Bunge lilisimuliwa habari ya Bute: watu 14,000, wapiga kura 21, na katika hao mmoja tu ndiye mkaazi wa huko. Katika uchaguzi mmoja alihudhuria mpiga kura mmoja. Akashika kiti, akaita majina, akaitikia lake, akajipendekeza, akajiunga mkono, akajichagua kwa kauli moja! Katika orodha utasoma "Mjumbe wa Bute". Bute ipi, ndugu zangu? Ya watu, au ya bwana yule mmoja?

Tazameni na Cromarty. Mwishoni mwa karne ya 17 kabaila mmoja, George Mackenzie wa Tarbat, alikuwa na mashamba yaliyotawanyika ndani ya kaunti ya Ross. Akapata amri mashamba hayo yahesabiwe kuwa kaunti ya Cromarty. Kaunti ikawa viraka viraka, pwani hata pwani. Mpaka ulifuata milki ya bwana. Haukufuata mlima, wala mto, wala maisha ya watu.

Watasema: hayo yalikwisha 1832. Si kweli. Sheria ya mwaka 1889 ilitengeneza upya mipaka ya kaunti, lakini mipaka ya majimbo ya Bunge iliachwa vile vile mpaka 1918. Kwa miaka hiyo jina lilikuwa moja na mipaka miwili. Na Lewis na Harris, ambazo ni kisiwa kimoja, ziligawanywa: Lewis kwa Ross, Harris kwa Inverness, kaunti za bara zote mbili. Ziliunganishwa katika jimbo moja la Bunge mwaka 1918, na katika serikali za mitaa mwaka 1975. Mtafiti asiyeyajua hayo atahesabu kura za watu wa bara akidhani ni za watu wa visiwa.

Je, jambo hili lina uzito? Lina uzito mkubwa. Mwaka 1884 wakulima wadogo wa nyanda za juu na visiwa walipata kura. Mwaka 1885 wakawapeleka Bungeni watetezi wao. Mwaka 1886 ikatoka sheria iliyowazuia makabaila kuwafukuza ovyo katika ardhi. Karne na zaidi ya kuomba haikuleta ilicholeta kura ya mwaka mmoja. Na leo visiwa vya magharibi, na Orkney pamoja na Shetland, vimelindwa kwa sheria visichanganywe na bara katika uchaguzi wa Bunge la London.

Basi, mwenye kutafuta ukweli asiridhike na orodha. Aitafute sheria ya mwaka ule, aitafute ramani ya mwaka ule ule, kisha aulize: ndani ya mstari huu, ni wangapi waliokuwa na kura? Aliyeuchora mpaka alijua alichokifanya. Ni aibu sisi tuusome bila kujua.

Mkataa kuhesabiwa na wenziwe huhesabiwa na wengine.