Bukavu: Bwana na bibi wanaokuja likizo wapewe kahawa ya Kivu, si ya kopo

BUKAVU – Bwana na bibi wanaofika Bukavu kwa likizo hutafuta vitu vitatu: samaki wa ziwa, bia baridi na kahawa nzuri. Samaki wanamupata, na bia pia. Kwenye kahawa ndiko wenyeji wanapata haya. Asubuhi, katika hoteli na resto nyingi za mji, mezani inaletwa termusi ya maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyotoka ng'ambo. Wageni wanakoroga, wanakunywa, wanalipa. Safari fupi tu kutoka pale, Kabare, Kalehe na kisiwani Idjwi, kahawa aina ya arabika inakomaa mtini.

Wengi wataona ni jambo dogo, kwamba mgeni akisha kunywa kitu cha moto inatosha. Lakini kikombe kile kinaonyesha pesa ya likizo inaishia wapi. Bwana na bibi walio likizo hawanunui shamba wala nyumba. Wanakula, wanakunywa, wanalala, wanapanda mtumbwi. Pesa yao ikiingia katika kopo, inavuka mpaka siku ileile. Ikiingia katika kahawa ya Kalehe, inapita kwa mama aliyeichuma, kwa kijana aliyeikaanga, na kwa mwenye resto aliyeiuza.

Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa karibu metre 1460 juu ya bahari, na mashamba ya kahawa yanapanda milima kutoka hapo. Baridi ya milimani inafanya tunda likomae polepole, na ndiyo sababu wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanaipenda arabika ya Kivu. Tangu miaka ya 2000 kooperative za wakulima, kama SOPACDI ya Minova, zimejenga viwanda vya kuoshea kahawa na kuiuza mbali kwa jina la Kivu. Mtu wa London anaweza kusoma jina la Minova kwenye mfuko wa kahawa. Mtu aliyekuja likizo Bukavu anasoma jina la kiwanda cha ng'ambo kwenye kopo.

Kahawa hii imelipiwa kwa damu. Kisha serikali ya Mobutu kunyang'anya mashamba ya wageni mwaka 1973, mashamba mengi makubwa yalikufa kwa kukosa mtu wa kuyatunza. Magonjwa, vita na kodi nyingi vikaongezeka. Wakulima wadogo wa Kalehe na Idjwi hawakuwa na mnunuzi wa haki, kwa hiyo walipakia magunia katika mitumbwi na kuvuka ziwa usiku kwenda kuuza Rwanda. Ziwa likichafuka, mtumbwi ulizama. Wanaume wengi hawakurudi, na wajane wao wako hadi leo katika vijiji vya kando ya maji. Kahawa iliyofika salama ng'ambo ilichanganywa na ya kule, ikauzwa kwa jina la nchi nyingine. Watu waliopoteza waume kwa sababu ya kahawa wana haki ya kuiona ikiheshimiwa katika mji wao wenyewe.

Hesabu pia iko wazi. Mwezi wa pili mwaka 2025, bei ya arabika kwenye soko la New York ilipanda kuliko wakati wowote na kupita dola 4 kwa libra, maana yake karibu dola 9 kwa kilo. Hiyo ni bei ya kahawa mbichi ikiwa imefika kwa wakubwa. Mkulima anapata sehemu tu. Sasa tuseme kilo moja imekaangwa Bukavu. Inapungua uzito kidogo, zinabaki kama gramu 800 na kitu. Kikombe kimoja kinaomba gramu 8 hadi 10, kwa hiyo vinatoka vikombe zaidi ya 80. Mwenye resto akiuza kikombe kwa nusu dola tu, kilo ileile imeleta dola 40 mjini. Toa makala, sukari, maji na mshahara wa mhudumu: bado kuna nafasi ya kumulipa mkulima zaidi ya vile muchuuzi anavyomulipa.

Kuna nchi iliyofanya hivyo bila kungoja mradi wa wazungu. Ethiopia inalima kahawa nyingi kuliko nchi yote ya Afrika, na karibu nusu ya mavuno inanywewa na watu wake wenyewe. Mgeni akiingia nyumbani, kahawa inakaangwa mbele yake, inatwangwa, inapikwa katika chungu cha udongo, na anapewa vikombe vitatu. Bei ya dunia ikianguka, mkulima wa kule bado ana jirani wa kumuuzia. Mkulima wa Kalehe, mnunuzi wa mbali akikosa, anabaki na mtumbwi na usiku.

Wakaaji wa Bukavu hawawezi kusema kwamba hawajui kupokea kitu na kukifanya chao. Sambaza ni shahidi. Samaki wale wadogo hawakuwa katika ziwa Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna bwana na bibi wanaotoka Bukavu bila kula sambaza za kukaanga na ndizi, ao na bugali na sombe. Wavuvi wanalala majini na taa zao, asubuhi akina mama wanabeba mabeseni hadi Kadutu na Nyawera, na saa sita samaki iko kwenye sahani ya malewa. Hakuna aliyewaambia akina mama wale kwamba samaki wa kopo ndiyo ya heshima. Walipika chao, watu wakapenda. Kahawa inangoja mama wa namna hiyo.

Kwa upande wa bia, mambo ni magumu zaidi. Kwa miaka mingi jioni ya likizo Bukavu ilikuwa Primus ya chupa kubwa na mushikaki wa mbuzi, na kiwanda cha mji kililisha familia nyingi. Mwezi wa sita 2025 kampuni ya Heineken, mwenye Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza uongozi wa mali yake ya Goma na Bukavu na kwamba imeondoa wafanyakazi wake. Mtu asichezee jambo hilo: kazi zilipotea. Lakini linafundisha kwamba mji uliotegemea chupa moja unayumba chupa hiyo ikitetemeka.

Milimani kuna kinywaji kingine. Kasiksi inatoka katika ndizi zilizoivishwa, zikakamuliwa kwa majani, maji yake yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke. Wazee wa Bushi waliinywa katika ndoa na katika kupatanisha watu. Vijana wa mji wanaiita pombe ya maskini, kumbe ndiyo kitu mgeni asichoweza kupata kwao. Hapa pia ukweli usemwe: kasiksi iliyotengenezwa kwa maji machafu inaumiza tumbo, na mgeni akiugua mara moja hatarudi. Anayetaka kuiuza kwa wageni achemshe maji, afunike chombo, aoshe chupa. Na asiichanganye na kanyanga ili iwe kali.

Kuna watakaouliza: likizo gani wakati huu? Tangu Goma kuanguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, ndege zilikoma kutua Goma na mabenki yalifunga milango. Swali ni la haki. Hakuna anayesema kwamba watalii wa Ulaya watajaa kesho kwenye bandari. Lakini watu hawajaacha kuoana, kutembeleana, na kupumzika siku mbili tatu panapokuwa salama. Bwana na bibi wa kwanza wa kuhudumiwa ni wa hapa: mwalimu na mkewe waliotoka Bagira kwenda kupumzika kando ya maji, wachumba wanaopanda mtumbwi siku ya yenga, ndugu aliyerudi kutoka Lubumbashi kuona wazazi. Tena wakati mabenki yamefungwa, pesa ya mkono kwa mkono kati ya mji na kijiji ndiyo inayolisha watoto.

Wengine watasema wakaaji hawapendi kahawa, kwamba inaondoa usingizi na ni ya wazungu. Wengi hawajaionja iliyokaangwa vizuri. Walichoonja ni unga wa kopo, ao mbegu zilizobaki baada ya nzuri yote kuuzwa nje, zikaungua katika sufuria hadi kuwa kama makala. Kukaanga si kazi ya mashine kubwa. Sufuria nzito, moto wa makala usio mkali, mwiko usiotulia, na dakika kama 15: mama anayejua kukaanga karanga ataweza.

Kwa hiyo kila mmoja ana kazi yake. Wenye hoteli na resto waondoe kopo mezani, ao basi waweke kahawa ya Kivu kando yake na kuandika inatoka kijiji gani. Kooperative zisipeleke nje mavuno yote ya daraja la kwanza. Zibakize magunia machache kwa soko la mji, kwa bei ambayo mwenye malewa anaweza. Wanaokusanya kodi barabarani na bandarini waache kumutoza mama mwenye kilo tano kana kwamba ana lori.

Na bwana na bibi wenyewe wasinyamaze. Kabla ya kukaa, waulize: kahawa hii inatoka wapi? Mhudumu akijibu kwamba inatoka koponi, waombe ya Kalehe. Ikikosekana leo, na wa pili akaiomba kesho, na wa tatu kesho kutwa, mwenye resto ataitafuta. Mfanyabiashara wa Bukavu hajawahi kukataa kuuza kitu ambacho watu watatu wamekiomba.