RAMANI YA NJIA NI MALI YA ABIRIA

Mfanyakazi akaaye Kigamboni na kufanya kazi Kimara hupanda daladala, kisha kivuko, kisha basi la mwendokasi kutoka Kivukoni. Vyombo vitatu, nauli tatu. Akichelewa, mwajiri hamwulizi kivuko kilikuwa wapi.

Zipo sasa programu za simu zinazounganisha vyombo vya namna zote: mtu hutaja atokako na aendako, akaonyeshwa apande nini na ateremke wapi. Twazisifu. Lakini programu haina macho. Huijua njia iliyoandikwa tu. Mwaka 2005 shirika la usafiri la mji wa Portland, Marekani, pamoja na kampuni ya Google, walianza kuandika vituo, njia na saa katika majedwali ya namna moja. Mwaka 2009 shirika hilo hilo likashiriki kuanzisha OpenTripPlanner, programu ambayo yeyote aweza kuichukua bila malipo. Mji wa Helsinki huitumia.

Daladala haina jedwali. Ndipo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari ya Nairobi. Kuanzia mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika kila kituo, hata kisicho na kibao. Zilipatikana njia zaidi ya 130. Iliwabidi kuulegeza utaratibu wa Wamarekani, uliodhani kila gari lina saa yake ya kuondoka. (Kondakta yeyote angaliwaambia hayo bure.) Mwaka 2014 kazi yote ilitolewa wazi, pamoja na ramani ya karatasi, na mwaka uliofuata Google ikaiingiza katika ramani zake.

Neno letu ni hili: orodha ya njia isifanywe siri ya kampuni moja, abiria akauziwa habari za barabara aliyoilipia kodi. Tena kituo hubadilika. Kikihamishwa leo, na orodha isisahihishwe, programu itampeleka mama mwenye mtoto mgongoni mahali pasipopita gari. Kwa hiyo kazi hii yataka mtumishi wa kudumu mwenye mshahara, wala si mradi wa miaka miwili, na madereva na makondakta waulizwe kwanza.

Na asiye na simu ya kisasa? Ramani ya karatasi ibandikwe ukutani pale kivukoni, penye foleni, ambapo watu wana nafasi ya kuisoma.