Mtoto Wako Utamkabidhi kwa Nani Likizo Hii?



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu wazazi wa Kamembe, Bugarama na pande zote za Rusizi, tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalotujia kila Julai, nalo ni kambi za mchana za watoto.

Tangu mwaka 2021 shule za Rwanda zilipoacha kuanza mwaka mwezi wa Januari, likizo kubwa imehamia kiangazi, toka Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Hapa kwetu akina mama wengi huondoka mapema kuelekea mpakani, Rusizi ya Kwanza au ya Pili, wakavuka na mboga na samaki kwenda kuuza Bukavu, wasirudi mpaka jioni. Baba yuko sokoni, au yuko kwenye mpunga kule Bugarama. Mtoto anabaki na barabara, na ziwa, na simu ya kaka yake.

Kwa hiyo kambi hizi ni neema. Kuna dawra za misikiti, kuna programu za vijana za mtaani, kuna mazoezi ya mpira, kuna masomo ya kompyuta. Tatizo letu ni namna tunavyochagua. Mzazi akisikia tu kwamba ni dawra ya Kiislamu, basi yamekwisha. Anamvalisha mtoto kanzu au hijabu, anamwacha mlangoni na kuondoka akisema alhamdulillah. Haulizi hata swali moja. Mzazi huyo huyo akienda kununua mbuzi wa Idi atamfungua mdomo ahesabu meno, atampapasa mgongo, atamzungusha mara tatu, na bado atasema afikirie kwanza.

Sisi ni walimu wa madrasa, na tunayasema haya tukijua kwamba yanatuhusu wenyewe. Jina la Kiislamu mlangoni halimlindi mtoto. Anamlinda mtu mzima aliye macho. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na hatukuona mahali ambapo mzazi amesamehewa swali hilo kwa sababu alimkabidhi mtoto kwa ustadhi.

Basi muulizeni ustadhi. Watu wazima ni wangapi na watoto ni wangapi? Ni nani anayeweza kubaki peke yake na mtoto chumbani? Jibu tunalolitaka ni kwamba hakuna, si mwalimu, si imamu, si mpishi. Masomo yafanyike mlango ukiwa wazi, au uani ambapo kila mpita njia anaona. Kwa mabinti awepo mwalimu wa kike tangu wanapofika mpaka wanapoondoka, na si yule anayekuja saa moja kufundisha kisha akaenda zake. Binti aliyekaribia baleghe ana mambo ambayo hatayasema kwa mwalimu wa kiume, atanyamaza tu na kuteseka. Choo chao kiwe cha peke yao na kiwe na komeo.

Na kama kambi ya mchana ikigeuka ghafla kuwa ya kulala, hata kwa jina la kisimamo cha usiku, mzazi aulize upya kila kitu. Dini yetu imeamrisha watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka 10 hata wakiwa ndugu wa nyumba moja. Seuze watoto wa nyumba thelathini.

Likitokea ovu, Allah atuepushe, msikubali kuambiwa linyamaziwe ili kusitiri heshima ya msikiti. Sitara haikuwekwa kwa ajili ya anayedhuru watoto. Huduma ya Isange, iliyoanza Kigali mwaka 2009, sasa ipo katika hospitali za wilaya, na pale mtoto hupata daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja. Aende siku hiyo hiyo, kabla ya kuogeshwa na kubadilishwa nguo.

Jambo la fimbo nalo tuliseme. Wako wazazi ambao bado wanatuambia maneno ya zamani, kwamba nyama ni ya mwalimu na mifupa ndiyo yao. Tunawaomba waache. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume miaka kumi akiwa kijana mdogo, naye amesimulia kuwa hakuambiwa hata neno la kuonyesha kuchoshwa naye. Isitoshe, sheria ya Rwanda ya ulinzi wa mtoto, nambari 71 ya mwaka 2018, inahesabu adhabu kali na za kudhalilisha kuwa ni kosa. Kambi ambayo utulivu wake unatokana na fimbo tu, mtoto atatoka humo akiichukia Qur-ani, na hasara hiyo itachukua miaka kuirekebisha.

Kisha liko ziwa. Kila kambi ya hapa ina siku ya kwenda Kivu, na watoto wanaisubiri siku hiyo kuliko siku ya zawadi. Kuogelea ni jambo jema na tunataka wafundishwe. Lakini wapo wanaojipa moyo kwamba Kivu haina mamba. Kivu ina kina. Pwani yake sehemu nyingi ni mteremko mkali, hatua chache tu na mtoto hagusi chini. Aulizwe ustadhi ni mtu gani anayejua kuogelea atakayesimama majini, na watoto watahesabiwa mara ngapi. Akijibu kuwa Allah ndiye mlinzi, mwambieni amina, kisha mumuulize tena.

Kuhusu ratiba tunajua hatutakubaliana na wote. Wazazi wengi hutuuliza mtoto atatoka na juzuu ngapi. Mtoto wa miaka 8 aliyemaliza mwaka mzima darasani hahitaji darasa jingine la kutwa. Kwa maoni yetu saa mbili za asubuhi zinatosha kwa Qur-ani na kwa fiqhi ya vitendo, yaani atie udhu mwenyewe, aadhini, asimamishe sala wenzake wakimsahihisha. Baada ya hapo acheze. Mahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Mtume siku ya Idi, na Mtume akiwatazama. Adhuhuri wasali jamaa, wale, na kwa jua la Bugarama wawe na maji ya kunywa karibu siku nzima. Kabla ya alasiri wawe wamerudi nyumbani.

Vilabu vya watoto vya majirani zetu Wakristo tuna la kujifunza kwavyo. Baadhi yao huandika jina la kila mtoto anapoingia na anapotoka, na jina la aliyekuja kumchukua. Dawra zetu nyingi bado zinamwachia dereva yeyote wa pikipiki.

Nanyi wanafunzi wa sekondari mnaotusoma, jitoleeni kusaidia, hasa kwenye michezo na kuhesabu watoto, lakini msikubali kuachiwa kambi peke yenu.

Mkishamwandikisha mtoto, piteni siku moja bila kutoa taarifa, wakati wa adhuhuri. Na jioni msianze kwa kumuuliza amehifadhi nini. Muulizeni alikuwa na nani, walikula nini, nani alimrudisha, na kama yupo mtu aliyemwambia jambo asilimwambie mama. Hilo la mwisho muulizeni kwa upole, na mlirudie kila wiki.

Wabillahi tawfiiq.